Nyuki Wanaotembea kwa Miguu

Mimi ni dereva wa teksi, na nyumba yangu imepakana na ya fundi saa, ukuta kwa ukuta. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu na mengine aliniambia mwenyewe baadaye, alipokwisha kutulia. Siku yenyewe hakuwa mtu wa kusimulia chochote.

Fundi ni mtu mwembamba wa miaka hamsini na sita, mwenye vidole virefu na mkono usiotikisika. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana: meza moja, taa ya shingo ndefu, droo ndogo ndogo zisizo na idadi, na saa za ukutani ambazo wenyewe walizileta wakazisahau. Wateja wamempachika jina la Dakika, maana ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, anakujibu "dakika tu," halafu unarudi baada ya wiki. Kwa kazi yake ni bingwa. Kwa mengine yote ni mtu wa tahadhari. Hapandi ngazi, hali uyoga, na akiingia kwenye gari langu hufunga mkanda kabla sijatia ufunguo. Lakini hofu zake zote ukizikusanya pamoja hazifiki nusu ya hofu yake ya nyuki.

Ana sababu. Akiwa na miaka minane alichokonoa tundu la mti kwa kijiti, na waliokuwamo wakatoka. Watu walimng'oa miiba kumi na mmoja. Uso ulimfura hadi macho yakafumba siku mbili, koo likabana akawa anavuta pumzi kwa mluzi. Tabibu wa zahanati akamwambia mama yake, mtoto mwenyewe akisikia: "Safari hii amepona. Safari nyingine mimi sitoi ahadi." Maneno hayo ameyabeba miaka arobaini na minane.

Sasa mtu wa namna hiyo, mkewe akaja kufuga nyuki. Mke huyo, ambaye mtaani tunamwita Mama tu, alikuwa mwalimu wa hesabu. Alipostaafu alisema hawezi kukaa ndani akihesabu maua ya pazia, akaenda mafunzo ya wiki mbili, akarudi na mizinga mitano ya masanduku. Akaipanga uani. Wakawekeana masharti: yeye fundi hagusi, hakaribii, haulizwi, na mama haingii chumbani na nguo za nyuki. Mambo yakaenda hivyo miaka sita, mpaka siku mama alipopanda kigoda atundike pazia, kigoda kikateleza, mfupa wa paja ukavunjika.

Alilala hospitali siku ishirini na tatu. Nilimrudisha mimi, amelala kiti cha nyuma, mguu umetiwa vyuma na amri ya daktari ni kutokanyaga chini. Tulimlaza chumba cha nyuma, chenye dirisha la kutazama uani. Kutoka kitandani aliiona mizinga minne. Ule wa kwanza, ulio karibu zaidi na nyumba, umejificha nyuma ya kona ya bafu, kwa hiyo huo hakuuona.

Siku ya sita tangu arudi, saa moja na nusu asubuhi, fundi alikuwa jikoni akisubiri maji ya chai yachemke. Kitu cheusi kikavuka kizingiti taratibu, kikaanguka chali, kikapapatika, kikajigeuza, kikaendelea na safari. Akadhani ni mende. Akavua kandambili, akainua. Ndipo alipoona mabawa.

Kandambili ikabaki hewani. Nyuki huyo hakuruka. Alitembea kwa miguu sakafuni, akitetemeka mwili mzima kama mtu mwenye homa, moja kwa moja kuelekea miguu ya fundi.

Fundi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kabati. Kupitia mlango uliokuwa wazi akaona ua wote. Saruji ilikuwa inatembea. Nyuki mamia, labda elfu, wakitambaa, wakijikongoja, wakipanda majani ya nyasi pembeni, wakifika juu wanajaribu kuruka, wanaanguka kama punje. Wengine walikuwa wamekusanyika vichungu vichungu, wakitetemeka pamoja. Na kilichomtisha zaidi, aliniambia, ni ukimya. Nyuki wanaovuma unajua walipo. Hawa walikuwa kimya.

Akaupiga teke mlango ukajifunga, akashindilia tambara chini yake.

"Baba watoto!" mama aliita kutoka chumbani. "Mbona unabamiza milango asubuhi yote hii? Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sauti yako ina kitu."

Akaenda akasimama mlangoni pa chumba, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. "Nyuki wako wanatembea chini. Hawawezi kuruka. Ua umejaa."

Mama aligeuza kichwa dirishani. Kisha akauliza swali ambalo fundi alikuwa analiogopa kuliko nyuki wenyewe: "Wanatoka mzinga upi?"

Hakuwa ametazama, lakini alijua. Mama alipokuwa hospitali, kufua kulikuwa juu yake, na kamba ya nguo inapita mbele ya mzinga wa kwanza. Nyuki walikuwa wanakatiza katikati ya mashuka. Siku ya tatu mmoja alitua kwenye kola ya shati alilolishika, na fundi akatoka shoti akiacha beseni na sabuni. Kesho yake, alfajiri yenye ukungu, kabla nyuki hawajaamka, akavaa koti la mvua, akafunga taulo usoni, akachukua kipande cha sponji ya godoro na mpini wa ufagio. Kwa mpini huo, akiwa amesimama mbali kadiri mkono ulivyofika, akaisukuma sponji kwenye mlango wa mzinga mpaka ukabaki upenyo usiozidi kidole kimoja. Hakutaka kuwaua. Alitaka watoke wachache wachache. Na kweli walitoka wachache, naye akaanika nguo zake. Mama aliporudi, alisema moyoni ataitoa kesho. Kesho ikawa na kesho yake.

"Nadhani ule wa kwanza," alijibu.

"Basi ni sumu," mama alisema, na uso ukamparara. "Kuna mtu amepuliza dawa mahali. Leo mzinga wa kwanza, kesho yote. Na asali je? Ile chupa niliyowapa manesi wodini, na ya mdogo wangu anayenyonyesha? Mungu wangu. Nipe simu."

Akampigia bwana nyuki, yule mtaalamu aliyemfundisha. Alikuwa safarini, angefika Alhamisi. Mama akamweka kwenye spika. Mtaalamu akasikiliza, akauliza hili na lile, mwisho akasema: "Mwalimu, siwezi kusema ni nini bila kuwaona. Nyuki kushindwa kuruka kuna sababu nyingi. Mnaweza kumchukua mmoja mkamtazama kwa karibu?"

"Tunaweza," mama alisema.

"Nani amtazame?" fundi aliuliza.

"Wewe mwenye miguu."

Alijikaza kisabuni. Akavaa koti la mvua, glavu za kuoshea vyombo, na kofia ya mama yenye wavu. Akafungua mlango wa jikoni kiasi cha kupitisha mkono, akafunika nyuki mmoja kwa glasi, akapitisha karatasi chini yake, akafunga mlango. Ni jambo la dakika mbili. Aliniambia alitoka humo shati limelowa kama aliyenyeshewa. Akambeba mgeni wake hadi karakana akiwa amenyoosha mikono mbele, akaweka glasi chini ya taa, akavaa lenzi yake jichoni. Mkono wake, ambao huweka skrubu ndogo kuliko punje ya chumvi, uliiangusha lenzi mara mbili kabla haijakaa.

Karakana na chumba cha mama vimetengwa na ukuta mwembamba. Wakawa wanazungumza kwa kupaza sauti.

"Ulimi umetoka nje?" mama aliuliza, akirudia maneno ya simu.

"Nitajuaje? Sijui hata nyuki anaweka wapi ulimi!"

"Mdomoni, kama wewe! Tazama chini ya uso."

Fundi akainama. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona nyuki kwa karibu hivyo. "Haujatoka."

"Mabawa yamekunjamana?"

"Hapana, ni mazima. Ila yametanuka upande, yameachana, kama milango iliyotoka bawabani. Anayatikisa lakini hayashiki hewa."

"Manyoya je?"

"Hana manyoya. Mweusi, anang'aa, kama amepakwa grisi. Tumbo limevimba. Na anatetemeka, mke wangu. Anatetemeka bila kupumzika."

Bwana nyuki akazungumza polepole, na fundi akasikia kila neno kupitia ukutani. Alisema hiyo haifanani na sumu. Nyuki waliopata sumu hufa kwa wingi ghafla, mara nyingi ulimi ukiwa nje, na ingeshangaza mzinga mmoja uguswe na mingine iliyo hatua tano isiguswe. Wala si utitiri, maana ule huwaharibu mabawa tangu wakiwa wachanga ndani ya sega. Huu ulionekana ni ugonjwa wa kupooza, virusi. Nyuki wengine huwa navyo bila madhara. Lakini wakibanana kupita kiasi ndani ya mzinga, wanasuguana usiku na mchana, manyoya yanakatika, na pale yalipokatika ugonjwa unapata njia. Mishipa inalegea, bawa halisikii amri. Akishaugua, walinzi hawamtambui tena. Wanamkokota mpaka nje na kumtupa.

"Hauambukizi watu, na kwa asali msiwe na wasiwasi," alisema. "Ila niambie, Mwalimu, mzinga huo umejaa sana? Mlango wake uko wazi?"

"Uko wazi," mama alijibu bila kusita. "Niliuacha wazi mimi mwenyewe."

Fundi alikuwa na nyuki chini ya lenzi. Aliniambia alifikiria kunyamaza. Angengoja giza, angeitoa ile sponji, nani angejua? Lakini kule nje walikuwa wanaendelea kutupwa, na jambo la kumtisha ni kwamba aliwasikia sasa. Hawakuwa wanavuma, walikuwa wanagonga chini ya mlango wa jikoni, tik, tik, kama mvua inayoanza.

Akavua lenzi, akaenda mlangoni pa chumba.

"Mlango niliuziba mimi."

Mama aliishusha simu. "Umeuziba na nini?"

"Sponji. Siku ya nne tangu ulazwe."

"Ulikuja hospitali kila jioni," mama alisema. "Kila jioni nikakuuliza, nyuki hawajambo? Ukanijibu hawajambo, wanakusalimu. Ukanichekesha."

"Niliogopa."

"Siku zote unaogopa! Umekaa ndani ya hofu kama konokono. Na mimi je? Nani kakuambia mimi siogopi? Nalala hapa nahesabu vidole vya mguu vilivyokufa ganzi, sijui kama nitasimama tena, na kitu kimoja nilichokuwa najiambia ni kwamba nje mambo yangu yako salama." Akageuza uso ukutani. Akasema bila kugeuka: "Kaitoe."

"Nitakufa."

"Hutakufa."

"Unajuaje?"

Hakumdanganya. "Sijui," alisema. "Kwa hiyo mwite jirani aje na gari."

Ndivyo nilivyoingia mimi. Saa kumi na nusu jioni, niliporudi kutoka kazini, nilikuwa nimeegesha teksi mlangoni pao, milango wazi, injini inanguruma, nikiwa nimeambiwa kwamba kazi yangu ni kumkimbiza mtu zahanati akianza kukoroma. Nilipomwona anatoka nilitaka kucheka. Alikuwa amevaa ovaroli nyeupe ya mkewe, miguu yake imekomea katikati ya shavu la mguu, chini ameongeza jozi tatu za soksi na kuzifunga kwa kamba. Kisha nikauona uso wake nyuma ya wavu, nikaacha kucheka. Rangi ilikuwa ya majivu.

Kupitia dirishani mama alimfundisha kuwasha kopo la moshi wa kutulizia nyuki: gunia kuukuu chini, nyasi juu, bonyeza viriba vya kupulizia mpaka moshi uwe mwingi na wa baridi. "Wapulizie kidogo, ungoje. Usipige kelele, usirushe mikono. Na wakikujia, usikimbie. Ukikimbia watakufuata. Simama kama mti."

Akazunguka kona ya bafu. Mimi nilisimama mlango wa jikoni, mama kajiinua kwenye viwiko dirishani, na sote wawili hatukumwona vizuri.

"Umefika?"

"Bado."

Alikuwa anapita juu ya nyuki. Chini ya viatu walilia kama maganda ya karanga, na kila hatua aliona ni dhambi mpya.

"Umefika?"

"Bado!"

Alipofika, kitu cha kwanza alichokiona ni walinzi wawili wanamburuta mwenzao, mweusi, anayeng'aa, kupitia ule upenyo wa kidole. Walimvuta bawa mpaka ukingoni, wakamsukuma. Nyuma yake upenyo ulikuwa umejaa vichwa. Hawakuweza hata kugeukiana.

Akapuliza moshi. Akangoja. Akaibana sponji kwa koleo, akavuta. Haikutoka. Nyuki walikuwa wameigandisha kwa gundi yao, imekuwa ngumu kama nta ya kiatu. Akavuta tena kwa mikono miwili, na ikachomoka yote kwa mpigo mmoja.

Sisi tulisikia. Ule mvumo uliojifungia siku zote hizo ulitoka kama lori linalopanda mlima. Nilirudi ndani ya mlango, sisemi uongo. Nikamsikia mama anasema kwa sauti ya chini, si ya kumfokea tena, "Simama, baba. Simama hivyo hivyo. Usikimbie."

Walimfunika wavu mpaka akakosa mwanga. Alisikia miguu yao midogo kwenye kitambaa, mabegani, shingoni. Haja ndogo ilimponyoka, jambo ambalo aliniambia mwenyewe bila kuulizwa. Lakini hakukimbia. Na pale palipokuwa na mwanya kati ya glavu na mkono wa ovaroli, mmoja akaingia, akamchoma juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Akarudi kinyumenyume, hatua fupi fupi, mpaka wakamwacha. Alipotokeza kwenye kona alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

"Wamenichoma," alisema. "Saa kumi na dakika arobaini na saba."

Nilimkalisha kwenye ngazi ya jikoni, nikamvua kofia. Akaukwangua mwiba kwa ukucha, kama mama alivyomwelekeza, halafu akaiweka saa yake gotini, akaitazama. Nilimwambia twende zahanati moja kwa moja. Akasema ningoje, bado anahesabu dakika. Dirishani mama alikuwa anauliza, swali juu ya swali: midomo inawasha? Ulimi umevimba? Unahema vizuri? Hasira zote zilikuwa zimemwisha. Nilipogeuka nikaona amekaa kitako kitandani, ameshautia chini mguu usio na vyuma, amekamata nondo za dirisha, na machozi yanamtiririka. "Mama, daktari alisema usikanyage," nilimwambia. "Niache," alinijibu.

Dakika tano. Dakika kumi. Mkono ulikuwa unavimba, umekuwa mwekundu na wa moto. Fundi alikuwa anameza mate kila mara apime koo. Dakika ya kumi na tano nilimnyanyua kama gunia, nikamtia garini, tukaenda. Njia nzima hakufunga mkanda.

Zahanati walimpa dawa, wakamkalisha saa mbili wakimtazama. Mkono uliendelea kufura hadi kiwiko, lakini koo halikubana. Tabibu, binti mdogo wa miaka kama ishirini na tano, alimweleza kwamba safari hii mwili umevumilia, ila asijione shujaa. Asikaribie mizinga peke yake, na akiona dalili za koo asingoje gari wala saa. Fundi akamuuliza kama anaweza kutoa ahadi. Binti akasema hapana.

Alhamisi bwana nyuki alikuja. Alifungua mzinga wa kwanza, akakuta nyuki wamesongamana hadi kwenye kifuniko na chini kuna tabaka la maiti lenye unene wa vidole viwili. Akaongeza sanduku juu wapate nafasi, akasema dawa ya ugonjwa wenyewe hakuna, ni hewa, nafasi na kungoja. Kila asubuhi fundi alifagia waliotupwa, akawafukia mbali. Alivaa mavazi yote kwa kazi hiyo ya ufagio tu. Siku ya kwanza alijaza ndoo nusu. Siku ya tisa, kopo. Siku ya kumi na sita aliwaona wanne, na jioni yake wawili kati ya wale aliodhani ni wagonjwa wakaruka. Walikuwa wamechoka tu na mizigo ya chavua. Zaidi ya nusu ya mzinga ule iliteketea. Msimu huo hawakuuvuna asali. Mingine minne haikupatwa na kitu.

Mama hakumsemesha siku tatu, ila kuomba maji na dawa. Siku ya nne alimwambia akae kitandani amweleze yote upya, toka alfajiri ya sponji, asiruke neno. Akaeleza. Aliponieleza mimi baadaye alisema hiyo ilikuwa ngumu kuliko kuvuta koleo.

Mwezi wa tatu tangu avunjike, mama alisimama kwa magongo mawili. Sasa anatembea na moja, anachechemea, na madaktari wanasema huenda itabaki hivyo. Kamba ya nguo tuliihamishia upande wangu wa ukuta, mimi na fundi, tukapiga misumari Jumapili nzima. Tulipokuwa tunakaza fundo la mwisho nyuki mmoja alipita juu yetu, mzima, na mvumo wake wa kawaida. Fundi akaiachia kamba na kuchutama chini, mikono kichwani. Nikangoja ainuke. Alipoinuka alikuwa anahema, na hakujaribu kunificha hofu yake.